Kupima Wanachuo Wanavyojituma na Masomo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa hapa Mwanza. Wanaouliza ni wahadhiri wanaotaka kujua kama darasa lao linajifunza kweli, wanafunzi wa uzamili wanaoandaa tasnifu, na viongozi wa serikali za wanafunzi waliochoka kuambiwa kwamba wenzao ni wavivu. Nimeanza na ya msingi. Ukiwa na shida moja tu, nenda moja kwa moja kwenye swali lako.

## Misingi

1. Ushiriki wa mwanafunzi katika kujifunza ni nini hasa?

Ni muda, nguvu na akili ambavyo mwanafunzi anavitia katika masomo, pamoja na yale ambayo chuo kinayafanya ili avitie. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. George Kuh wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ameisisitiza katika maandishi yake mengi, nami naishikilia kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii: ukimpima mwanafunzi, kipime na chuo chake. Kijana mwenye hamu ya kusoma, ambaye mhadhiri wake hamrudishii kazi aliyosahihisha mpaka muhula unaisha, atatoka na alama ndogo kwenye dodoso lako. Ukiandika "hajitumi" umemwonea.

Kwa upande wa mwanafunzi mwenyewe, watafiti wengi wanafuata mgawanyo wa Fredricks, Blumenfeld na Paris wa mwaka 2004: tabia, hisia na fikra. Wao waliandika kuhusu shule, lakini vyuo vimeuchukua. Tabia ni kuhudhuria, kufanya kazi, kuuliza. Hisia ni kulipenda somo na kujiona wewe ni wa pale chuoni. Fikra ni kuhangaika na wazo mpaka ulielewe. Haya matatu hayaendi pamoja kila mara. Yupo anayekaa mstari wa mbele na kuandika kila neno, huku kozi yenyewe hakuichagua, na nyumbani anakariri desa bila kujiuliza swali hata moja.

2. Kwa Kiswahili tutumie neno gani: ushiriki, bidii au kujituma?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na lina uzito, kwa sababu neno utakaloliweka kwenye dodoso ndilo litakalojibiwa.

"Ushiriki" ndilo neno la ripoti. Linafaa kwenye kichwa cha habari, lakini mwanafunzi akilisoma anafikiria kuwapo: alishiriki mkutano, alishiriki msiba. Atajibu kuhusu mahudhurio. "Bidii" inakaribia, ila imebeba sifa na lawama za kulelewa nayo tangu darasa la kwanza, na hakuna anayependa kuandika kwamba hana bidii. "Kujituma" ni zuri zaidi, kwa kuwa linaonyesha mtu anayejisukuma mwenyewe. Kwa upande wa fikra na hisia, neno ambalo wanafunzi wenyewe hulitumia ninapowahoji ni "kuzama": "siku hiyo nilizama kwenye ile mada mpaka nikasahau kula."

Ushauri wangu ni kwamba usiweke neno lolote kati ya hayo ndani ya swali. Uliza jambo lenyewe. "Wiki iliyopita ulitumia saa ngapi kujisomea nje ya kipindi?" Hapo hakuna wa kubishana nawe juu ya maana.

3. Matokeo ya mitihani yapo. Kwa nini tuhangaike kupima kingine?

Kwa sababu matokeo huja mambo yakiwa yamekwisha. Aliyepata sapu (mitihani ya marudio) nne mwezi wa saba alianza kupotea mwezi wa nne, na wakati huo kulikuwa bado na la kufanya.

Ila usimwahidi mkuu wa idara kwamba ushiriki ukipanda GPA (wastani wa alama) itapanda vilevile. Carini, Kuh na Klein, katika utafiti wao wa mwaka 2006 kwenye vyuo 14 vya Marekani, waliona uhusiano kati ya ushiriki na matokeo ya kujifunza upo, lakini sehemu kubwa ni dhaifu. Mtihani mmoja unapima mengi, na mwaka mmoja wa mwanafunzi una mengi zaidi.

4. Wazo hili limetoka wapi?

Mizizi yake ni ya Marekani: Robert Pace aliyepima ubora wa juhudi za wanafunzi, Alexander Astin na nadharia yake ya mwaka 1984, kisha kanuni saba za ufundishaji bora za Chickering na Gamson za mwaka 1987. Dodoso maarufu zaidi, NSSE (dodoso la kitaifa la Marekani la ushiriki wa wanafunzi), lilijaribiwa mwaka 1999, likaanza rasmi mwaka 2000, na lilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2013. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Free State cha Afrika Kusini kimelirekebisha liendane na mazingira ya huko, na jina lake ni SASSE. Ukitafuta pa kuanzia, anza na hilo la Afrika Kusini. Matatizo yao ya ada, usafiri na lugha ya kufundishia yanafanana zaidi na yetu.

## Vyombo vya kupimia

5. Je, karatasi ya mahudhurio haitoshi?

Haitoshi. Kwanza, watu husainiana. Katika chuo kimoja nilichowahi kukisaidia, saini za kipindi kimoja zilizidi idadi ya viti vya ukumbi, na karatasi ile ilikuwa imeshaingizwa kwenye kompyuta kama ushahidi.

Pili, hata saini ikiwa ya kweli, inakuambia mwili ulikuwa wapi. Tatu, na hili linaniuma zaidi, utoro una sababu ambazo karatasi haizioni. Bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) likichelewa, anayepanga Buhongwa au Mkolani anahesabu nauli ya daladala na kuchagua siku za kwenda chuo. Aliyekwenda kwao Ukerewe mwishoni mwa wiki, ziwa likichafuka Jumapili, Jumatatu hayupo. Kama unakusanya mahudhurio, ongeza swali moja la sababu. Utajifunza mengi zaidi kutoka swali hilo kuliko kutoka asilimia yenyewe.

6. Tuna Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni. Si tuhesabu tu nani amefungua nini?

Hesabu, lakini jua unachokihesabu. Bando ni pesa. Kwenye madarasa mengi kiongozi wa darasa anapakua notisi mara moja, anazituma kwenye kundi la WhatsApp, na nakala nyingine inapelekwa steshenari kwa ajili ya wanaotaka karatasi. Moodle itaonyesha mtu mmoja kafungua faili, kumbe limesomwa na darasa zima. Kinyume chake pia kipo: mtu anafungua kurasa kumi kwa dakika moja ili zionekane zimefunguliwa.

Kumbukumbu za mfumo zinasaidia kwa yale ambayo lazima yafanyikie humo humo, kama kuwasilisha kazi, kujibu majaribio mafupi na kuandika kwenye jukwaa la majadiliano. Ninachokiangalia mimi ni mabadiliko ya mtu mmoja. Aliyekuwa akiwasilisha siku mbili kabla ya mwisho, sasa anawasilisha saa sita kasoro usiku, kisha hawasilishi kabisa: huyo mpigie simu.

7. Kuna dodoso lililo tayari tunaloweza kulitumia?

Yapo. NSSE inauliza mambo ambayo mwanafunzi ameyafanya na ambayo chuo kimemfanyia, na matokeo yake yamepangwa katika viashiria 10 chini ya mada nne: changamoto za kitaaluma, kujifunza na wenzako, uhusiano na wahadhiri, na mazingira ya chuo. Lina hakimiliki, kwa hiyo huwezi kunakili vipengele vyake bila kibali cha wenyewe.

Ukitaka upande wa hisia, lipo dodoso la UWES-S la Wilmar Schaufeli na wenzake wa mwaka 2002, lenye sehemu tatu: nguvu, kujitoa na kuzama. Lina toleo refu na fupi la vipengele 9, na kwa utafiti usio wa biashara linaruhusiwa bila malipo. Lakini halikuulizi lolote kuhusu chuo. Kwa sababu niliyoieleza kwenye swali la 1, mimi silitumii peke yake.

8. Naweza kuingia tu darasani nikaangalia?

Ndiyo, ukiwa na utaratibu. COPUS, karatasi ya kuangalizia kipindi iliyochapishwa mwaka 2013 kwa ajili ya madarasa ya sayansi, inakutaka kila baada ya dakika 2 uandike wanafunzi wanafanya nini na mhadhiri anafanya nini. Ni karatasi tu, haihitaji umeme wala intaneti. Jambo linalowashtua wahadhiri wengi wanapoliona jedwali lao ni wingi wa vipindi ambavyo safu ya wanafunzi ina neno moja kutoka mwanzo hadi mwisho: "wanasikiliza".

9. Wanafunzi wangu hawaulizi maswali. Maana yake hawajitumi?

Si lazima. Wengi wetu tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo husikiliza, na kumuuliza mbele ya watu huweza kuonekana ni kumjaribu. Ongeza lugha: kipindi ni kwa Kiingereza, swali analo kichwani kwa Kiswahili, na akilitafsiri vibaya watu watacheka. Kwa hiyo anakaa kimya.

Mfuate baada ya kipindi. Utamkuta kwenye vimbweta (meza na viti vya saruji vya nje) na wenzake watano, wanabishana ile ile mada kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kisukuma, na mmoja anachora kwenye daftari kuwaelewesha wengine. Kile ndicho kujifunza kwenyewe, na dodoso linalouliza tu "umeuliza maswali darasani mara ngapi" halikioni. Weka vipengele vya kumfuata mhadhiri baada ya kipindi, kutuma swali kupitia kiongozi wa darasa, na kujadiliana na wenzake kwa lugha yoyote.

## Kuandaa na kugawa dodoso

10. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa Kiswahili, hata kama masomo ni ya Kiingereza, isipokuwa una wanafunzi wa kutoka nje. Mpe mtu mmoja alitafsiri, mwingine ambaye hajaona la Kiingereza alirudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisheni. Baada ya hapo kaa na wanafunzi wanane au kumi mmoja mmoja, kila mmoja asome swali kwa sauti na akueleze amelielewaje. Usiiruke hatua hii. Nimewahi kuona "mradi wa utafiti na mhadhiri" ukijibiwa na watu waliodhani ni mradi wa kufuga kuku.

11. Tuweke maswali ya kukanusha ili kuwabaini wanaojibu bila kusoma?

Kwa Kiswahili, usiweke. Mtu akiulizwa "Hujala?" anajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijala. Mwingine anajibu "Hapana" akimaanisha jambo hilo hilo. Sasa mpe sentensi "Huwa siji darasani bila kusoma" na achague kati ya kukubali na kukataa. Majibu yatagawanyika, na hutajua nani alimaanisha nini. Badala yake weka kipengele kimoja cha wazi katikati: "Hapa chagua namba 2." Asiyesoma atajulikana.

12. "Mara nyingi" ni mara ngapi?

Kila mtu ana yake, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo Stephen Porter aliyakosoa mwaka 2011 kuhusu dodoso za vyuo: wanafunzi hawakumbuki vizuri, na maneno kama "mara nyingi" wanayaelewa tofauti. Namuunga mkono kwa sehemu kubwa. Uliza siku 7 zilizopita, na uombe idadi. Kwa jambo la nadra, kama kumwona mhadhiri ofisini, uliza tangu muhula uanze.

13. Tuchukue wanafunzi wangapi?

Wengi hapa hutumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967: idadi ya wanafunzi wote, igawanye kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha makosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa wanafunzi 1,200 na makosa ya 0.05 unapata 1,200 gawanya kwa 4, yaani 300.

Hesabu hiyo ni rahisi. Kosa hutokea mnapowapata hao 300 kwa kugawa karatasi ukumbini Jumanne asubuhi. Umewapima waliokuja, na wale ambao ulihitaji kuwajua zaidi hawakuwamo. Omba orodha kwa msajili, igawanye kwa mwaka wa masomo, kwa programu, na kwa wanaokaa bwenini na wanaopanga mtaani, kisha chagua kwa bahati nasibu na uwatafute hao hao.

Wakikosekana wa kundi moja, sahihisha kwa uzito. Tuseme wasichana ni asilimia 40 ya wanafunzi lakini ni asilimia 70 ya waliojibu. Jibu la kila msichana lipe uzito wa 0.57 (40 gawanya kwa 70), na la kila mvulana 2 (60 gawanya kwa 30). Uzito ukipita 3, rudi ukatafute watu. Hiyo mipaka ni yangu, si sheria.

14. Wakati gani ni mzuri?

Wiki ya 8 hadi ya 11 ya muhula. Mapema mno hawajafanya lolote la kuulizwa, na karibu na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) kila mtu anasoma, hata asiyesoma mwaka mzima. Epuka wiki ambayo bumu limeingia na wiki ambayo limechelewa. Kama mtandao ni wa shida, KoboToolbox hukusanya majibu bila intaneti na kuyatuma baadaye.

15. Msimamizi wangu anataka alfa ya Cronbach iwe 0.70. Ikipatikana, nimemaliza?

Hujamaliza. Alfa inaonyesha kama vipengele vinakwenda pamoja. Haisemi vinapima unachodhani. Vipengele kumi vinavyouliza jambo moja kwa maneno tofauti vitakupa alfa ya juu sana na maarifa kidogo sana. Kazi ya kwenye swali la 10 ina thamani zaidi.

## Kusoma matokeo

16. Nilibadili ufundishaji ukawa wa majadiliano, na wanafunzi wakasema wanajifunza kidogo. Nirudi kwenye mihadhara?

Subiri kwanza. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa madarasa ya fizikia: waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuhangaika na jambo kunachosha, na uchovu huo mtu huudhani ni kushindwa. Waeleze wanafunzi wako hivyo mapema, na pima walichojifunza kwa jaribio, usitegemee hisia pekee.

17. Tulinganishe chuo chetu na kingine cha jijini?

Ningekushauri usifanye hivyo. Chuo cha afya chenye madarasa madogo na chuo chenye mamia ya walimu watarajiwa katika ukumbi mmoja havilinganiki, na ndani ya chuo kimoja idara hutofautiana kuliko vyuo vinavyotofautiana. Jilinganisheni na ninyi wenyewe wa mwaka uliopita.

18. Tunaweza kuandika namba za usajili ili tuunganishe na GPA?

Mnaweza, kwa ridhaa yao na kwa uangalifu. Namba ya usajili inamtambulisha mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Elezeni mnakusanya nini, kwa kazi gani, nani ataona. Mhadhiri anayesahihisha mitihani ya darasa hilo asione majina kamwe. Mwanafunzi akihisi kwamba majibu yake yatamfuata kwenye mtihani, atakuandikia unachotaka kusoma.

19. Mwaka huu wanafunzi wamegoma kujibu. Tuwape zawadi?

Ulizeni kwanza mwaka jana waliambiwa nini. Katika vyuo nilivyofanya navyo kazi, jibu mara nyingi ni kwamba hawakuambiwa kitu. Walijaza kurasa sita, karatasi zikaenda ofisini, basi. Rudini na ukurasa mmoja kwa Kiswahili: mlisema hivi, tumebadilisha hiki, kile hatukuweza kwa sababu hii. Bandikeni ubaoni, tumeni kwenye makundi yao. Bando la zawadi litaleta majibu kwa mwaka mmoja tu.

## Hali za pekee

20. Wanafunzi wa udaktari walioko wodini, kama pale Bugando?

Vipengele vya darasani haviwafai. Uliza mara ngapi wiki hii walimweleza daktari mgonjwa waliyemwona, mara ngapi walisahihishwa na kuelezwa sababu, na kama kuna ugonjwa waliokwenda kuusoma wenyewe jioni. Zamu ni ndefu, kwa hiyo maswali yasizidi kumi.

21. Wanaosoma Chuo Kikuu Huria, au wanaofanya kazi mchana?

Hawa wakipimwa kwa dodoso la mkazi wa bwenini huonekana hawajitumi kabisa. Hawako kwenye klabu, hawajadili vimbwetani, hawamwoni mhadhiri. Lakini mama anayeuza dagaa Kirumba mpaka jioni, kisha anafungua moduli saa nne usiku watoto wakishalala, ametia nguvu ambayo kijana wa bwenini hajawahi kuitia. Uliza sehemu gani ya muda wake wa ziada inakwenda kwenye masomo, na ni nani chuoni anayempokelea simu akikwama.

22. Darasa langu lina watu tisa.

Acha dodoso. Kwa watu tisa hakuna siri, hata ukifuta majina, na wastani wake haukuambii kitu. Kaa nao saa moja, au mwombe mwenzako asiyewafundisha akae nao. Ukiwa na kundi dogo ndani ya utafiti mkubwa, usitoe takwimu zake peke yake likiwa chini ya watu 10.

23. Zimebaki wiki tatu muhula uishe na hatujaanza. Tupime sasa?

Dodoso zima msilifanye sasa, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 14. Gaweni karatasi ndogo mwishoni mwa kipindi, zenye maswali mawili: ni kitu gani darasani kinakusaidia kujifunza, na ni kitu gani kinakuzuia? Zisomeni jioni hiyo hiyo, na kipindi kinachofuata mhadhiri aanze kwa kusema atakachokibadilisha katika wiki zilizobaki. Dodoso liandaliwe likizo, lijaribiwe wiki ya pili ya muhula mpya.